Dereva wa kupeleka mizigo ameumia kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Unguja na Pemba

Maelezo haya ni kwa madereva wa Canter, kirikuu na pikipiki wanaosambaza soda, maji, gesi, mikate na saruji, pamoja na matingo wao. Ya siku ya ajali tumeyaweka mapema kwa makusudi. Dai likikwama mezani baada ya miezi sita, ukilifuatilia utakuta kasoro yake ilizaliwa siku ile ile, kwenye karatasi ambayo haikuandikwa.

Sheria gani inanihusu? Ule mfuko wa fidia wa WCF unaosikika redioni hautanilipa?

Kazi na ajira si mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake. WCF ipo chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ambayo ni ya Tanzania Bara. Kwetu kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa na Sheria Namba 5 ya 2005. Mwaka huo wa 2005 zilitungwa pia Sheria ya Ajira Namba 11, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8, na dai moja la ajali linaweza kuzigusa zote. Anayesimamia ni Kamisheni ya Kazi.

Kama kampuni yako ina makao makuu Dar es Salaam na wewe unaendesha huku, tazama mkataba unasema kituo chako cha kazi ni wapi, kisha muulize ofisa wa Kamisheni kabla hujajaza fomu yoyote. Watu wamepoteza miezi wakipeleka madai upande wa pili wa maji, wakarudishwa.

Ni lazima nithibitishe kuwa tajiri, yaani mwajiri wangu, ndiye mwenye kosa?

Hapana. Fidia ya kazini haiulizi nani mkosa. Inauliza mambo mawili: ulikuwa mfanyakazi wake, na umeumia kwa sababu ya kazi ukiwa kazini? Hata kama uliteleza mwenyewe ukishusha kreti, dai lipo. Kinachoweza kukuharibia ni kosa la makusudi, kwa mfano kuendesha ukiwa umelewa, au kuvunja kwa kusudi amri ya usalama uliyokuwa unaijua.

Nimeanguka sasa hivi. Nianze wapi?

Hospitali kwanza. Usikubali kukaa barabarani na mguu uliovunjika kwa kungoja trafiki aje kupima. Lakini mtu mmoja abaki pale: utingo, au yeyote mwenye simu. Apige picha gari kabla haijasogezwa, namba za magari yote yaliyohusika, alama za breki, mzigo ulivyomwagika, na hali ya barabara kama kulikuwa na mchanga, maji au shimo. Picha moja ipigwe kwa mbali, ionyeshe kitu kinachotambulika, kama kibao cha shehia, skuli au msikiti. Picha ya bampa peke yake haisemi ajali ilikuwa Mahonda au Fuoni.

Ajali ya barabarani inataka fomu ya PF3 kutoka polisi, ambayo daktari huijaza na kuirudisha. Ndugu anaweza kwenda kituoni kuifuatilia wewe ukiwa unatibiwa. Ikitoka, soma kilichoandikwa kabla hujaiweka. Neno linalosahaulika mara kwa mara ni la kazi: ofisa ameandika «alianguka na pikipiki» basi, hakuna panaposema alikuwa akipeleka mzigo wa nani, wapi. Mwambie na daktari vivyo hivyo. Kwenye faili la hospitali, «ameumia akiwa kazini, akishusha mitungi ya gesi» ni maneno machache, lakini yameandikwa na mtu asiye na maslahi, tena siku ya ajali.

Hati ya kukabidhi mzigo, ile delivari, ihifadhiwe hata ikiwa imechafuka. Ina tarehe, jina la duka na mteja, na pengine saa. Hakuna ushahidi bora kwamba ulikuwa kazini. Na mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza kupotea, kwa sababu anakuja mtu wa dukani kuchukua mzigo uliosalia na anaondoka na makaratasi yote. Ipige picha kabla hajafika.

Tajiri nimemwambia kwa simu. Haitoshi?

Inatosha siku mnayoelewana. Siku mkigombana atasema hakuambiwa. Piga simu, kisha siku hiyo hiyo tuma maandishi. Ujumbe wa WhatsApp au wa kawaida unafaa, alimradi una tarehe na hujaufuta. Uwe mfupi, bila lawama:

«Assalamu alaykum. Leo Jumanne saa nne na nusu asubuhi nimeanguka pale mteremko wa kuingia Mkoani, nikipeleka kreti 60 za soda kutoka ghala la Chake kwa wateja wa Mkoani. Gari ni lile la kazini. Nimeumia bega la kulia na kifundo cha mguu. Niko Hospitali ya Abdalla Mzee. Utingo alikuwepo na ameona. Naomba ajali hii iandikwe na iripotiwe Kamisheni ya Kazi.»

Huna nguvu ya kuandika? Mke, kaka au utingo aandike kwa simu yake na aseme anaandika kwa niaba yako. Baadaye nakala ya karatasi ipelekwe ofisini, na anayeipokea asaini kwenye nakala yako na kuweka tarehe. Akikataa kusaini, andika chini yake jina la aliyekataa, siku na saa.

Sina mkataba wa maandishi, nalipwa kwa tripu.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na jibu lake si «basi huna haki». Kukosa karatasi hakufuti ajira. Kunachofanya ni kukuhamishia mzigo wa kuonyesha kwamba ulikuwa ukimfanyia mtu kazi, si biashara yako mwenyewe.

Kinachotazamwa ni uhalisia. Nani anapanga saa ya kuingia na njia ya kupita? Gari au pikipiki ni ya nani, mafuta ananunua nani, tairi likipasuka analipa nani? Ukiumwa unaweza kumpeleka mwenzako bila kuuliza, au unapigiwa simu kuulizwa uko wapi? Unasambaza bidhaa za duka moja kila siku au unabeba ya yeyote? Umevaa fulana yao? Unakatwa ukichelewa? Kadiri majibu yanavyoelekea kwa tajiri, ndivyo unavyokuwa mfanyakazi, hata kama yeye anakuita «kijana wa kusaidia tu».

Ushahidi wake umo mfukoni mwako. Miamala ya simu ya miezi mitatu au minne inayoonyesha namba ile ile ikikulipa kila Jumamosi. Ujumbe wa asubuhi: «Pakia maji, anza na Kiwengwa halafu Pwani Mchangani.» Kundi la WhatsApp la madereva. Delivari zenye saini yako. Mlinzi wa hoteli anayeandika namba ya gari na jina la dereva kwenye daftari la getini. Daftari hilo limewaokoa watu. Nenda ukalipige picha mapema, kwa ruhusa, kwa sababu likijaa hutupwa.

Honda ni yangu, au ya tajiri mwingine ninayempelekea hesabu. Je?

Hapa ukweli unauma kidogo. Mwenye pikipiki yake, anayechukua oda kwa yeyote, anayekataa safari anapotaka, kwa kawaida huhesabiwa mfanyabiashara na si mfanyakazi. Wa hesabu yuko katikati: mwenye chombo atasema amekukodisha, wewe utasema anakuajiri. Usiamue mwenyewe kwamba huna dai. Peleka maelezo yako Kamisheni ya Kazi au kwa mtoa msaada wa kisheria wayapime. Lakini wakati huo huo jipange kwa njia nyingine, yaani bima ya ajali binafsi, ambayo kampuni za bima huiuza kwa mtu mmoja mmoja. Kabla ya kuinunua, uliza kama inakubali anayeendesha pikipiki kwa biashara. Ziko zinazomtoa, na maneno hayo hukaa kurasa za nyuma.

Utingo na mahamali wanahusika?

Utingo anayelipwa na tajiri wa gari anahusika sawa na dereva. Akilipwa na dereva kutoka mfukoni mwake, mvutano hutokea, kwa hiyo ni bora jina lake liwemo kwenye delivari. Hamali wa Malindi au Darajani aliyeitwa kushusha mara moja na kulipwa papo hapo ana kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha ajira.

Sikugongana na mtu. Mgongo ulikatika nikibeba mtungi.

Ni ajali ya kazini kama nyingine. Madereva wa kusambaza huumia sana wakati gari limesimama: kidole kubanwa na bodi la nyuma, kuteleza kwenye vigae vya jiko la hoteli, kreti kuangukia mguu, mgongo. Mtungi wa gesi wa kilo 38 una kilo 38 za gesi peke yake. Uzito wa chuma umegongwa kwenye mtungi wenyewe, ujumlishe ndiyo upate ulichokuwa umebeba. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Chupa kubwa ya maji ya lita 18.9 inakaribia kilo 20, na ukipandisha thelathini ghorofa ya pili umebeba karibu kilo 600.

Madai ya mgongo huanguka kwa sababu moja inayojirudia. Mtu anasikia «tak», anamaliza kazi, anakandwa nyumbani siku nne, halafu ndiyo anaenda hospitali na daktari anaandika «maumivu ya mgongo, wiki moja». Hakuna mzigo, hakuna siku, hakuna aliyeona. Ukihisi mgongo umeshtuka, mwambie utingo palepale, tuma ujumbe, na uende kupimwa siku hiyo au kesho yake. Kukandwa si vibaya, ila kutanguliwe na cheti.

Ajali imenikuta nikirudi nyumbani. Au nilichepuka kidogo kwenda kufuturu.

Safari yako binafsi ya kwenda na kurudi kazini kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazi. Hali hubadilika kama unarudi na gari la kazi kwa amri ya tajiri, mfano unalala nalo ili alfajiri upakie mikate, au bado una mzigo na makusanyo ya fedha.

Kuchepuka hupimwa kwa umbali na sababu. Kusimama njiani Ramadhani upate tende na maji adhana ikilia ni jambo la kawaida la safari. Kuacha njia ya Paje ukaenda Makunduchi kumtazama shangazi ni jingine. Sema ukweli tangu mwanzo. Delivari na saa za simu zitakuumbua.

Gari lina bima. Si itanilipa?

Inategemea ipi. Bima ndogo, ile ya lazima, ni ya watu wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali. Wewe dereva wa gari hilo haikuhusu. Bima kubwa inatengeneza gari, na huenda ikawa na kipengele kidogo cha ajali ya dereva, lakini ni mpaka uione imeandikwa. Inayokuhusu hasa ni bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo mwajiri huikata kando kwenye shirika au kampuni ya bima. Muulize tajiri kama anayo, tena muulize ukiwa mzima. Kama hana, deni halifi: fidia ni wajibu wa mwajiri, bima ni njia yake tu ya kulipa.

Nimegongwa na gari jingine, kosa ni lake.

Una njia mbili, na usiache moja kwa sababu ya nyingine. Ya kwanza ni fidia ya kazini kwa mwajiri wako. Ya pili ni dai dhidi ya bima ndogo ya aliyekugonga. Kwa hiyo ya pili chukua namba ya gari lake, jina la dereva na la mwenye gari, na kampuni ya bima. Stika ya bima huhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Bima watataka ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari, PF3 iliyojazwa na risiti. Kama dereva ameshtakiwa, fuatilia kesi na uchukue nakala ya hukumu. Kupona kwako hakutaleta karatasi hiyo yenyewe. Hulipwi hasara ile ile mara mbili, lakini njia ya pili inaweza kufidia ambayo ya kwanza haiyafikii.

Matibabu nalipa mimi?

Gharama za kutibu jeraha la kazini ni za mwajiri. Kama una kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, itumie upate huduma haraka, ila kadi hulipia tiba. Hailipi mshahara uliopotea wala kidole kilichokatika. Weka risiti zote: dawa, picha ya X-ray, magongo, nauli ya boti kama umepewa rufaa kutoka Pemba kuja Mnazi Mmoja, na ya anayekusindikiza. Risiti za karatasi nyepesi hufutika wino kwa joto, hasa zikikaa kwenye dashibodi. Zipige picha siku unayozipata.

Fidia hukokotolewaje?

Kwanza huangaliwa umeumia kwa namna gani: ulemavu wa muda unaokuweka nje ya kazi kisha unapona, ulemavu wa kudumu wa sehemu kama kupoteza kidole au goti kutokunja, ulemavu wa kudumu kamili, au kifo. Kwa ulemavu wa kudumu wa sehemu, nguzo ni mbili: mapato yako ya mwezi na asilimia ya ulemavu aliyoandika daktari.

Mapato ndipo watu wanapopunjwa bila kujua. Chukua mfano wa dereva mwenye mshahara wa 250,000 na posho ya 5,000 kwa kila safari, safari 26 kwa mwezi. Posho ni 130,000, jumla 380,000. Tajiri akiandika 250,000 tu kwenye fomu, zaidi ya theluthi ya mapato imetoweka, na kila hesabu itakayofuata inazaliwa pungufu kwa kiwango hicho. Muulize ofisa ni malipo gani yanaingia kwenye hesabu, na uje na miamala ya posho iliyojirudia kila mwezi. Ya mara moja, kama sadaka ya Idi, usiitegemee.

Asilimia ya daktari naona ni ndogo.

Kwanza tazama ilipimwa lini. Mfupa wa muundi unaweza kuchukua miezi kadhaa kuunga. Ukipimwa ukiwa bado na plasta au chuma, daktari anakisia. Ukipimwa baada ya hali kutulia, anaona goti linakunja kiasi gani, mkono unashika kwa nguvu gani, mguu umefupika au la. Mweleze kazi yako kwa vitendo: nakanyaga klachi mara nyingi kwa siku, naruka kutoka bodi, nabeba kilo 50. Usikuze na usijikaze. Wanaume wetu wana tabia ya kusema «nimepona, alhamdulillahi» mbele ya daktari, na neno hilo linaandikwa.

Kama bado hukubaliani, omba kwa maandishi kupimwa tena na daktari mwingine au jopo, kabla hujapokea malipo ya mwisho. Na kama daktari amekuandikia ED, yaani mapumziko ya kutofanya kazi, au kazi nyepesi, nakala iende kwa mwajiri. Kukaa nyumbani bila karatasi kutaitwa utoro.

Tajiri amenipa 200,000 na anataka tuandikiane kwa sheha kwamba tumemalizana.

Pokea, mshukuru, usisaini hilo neno. Mkono wa pole ni muamala wa ubinadamu, na hakuna ubaya kuupokea. Karatasi ya «sina dai lolote tena» ni kitu kingine, hata ikigongwa muhuri wa sheha mbele ya wazee wawili. Sheha ni mtu muhimu kuthibitisha unakaa wapi na nani anakutegemea, lakini si yeye anayekokotoa fidia. Mwenye kutaka kuandika, na aandike hivi: «Nimepokea shilingi 200,000 kusaidia matibabu ya ajali ya tarehe fulani.» Mtu mwema hatakataa maneno hayo. Akikataa, umeshajua pesa zilikuwa za nini.

Anataka anikate thamani ya soda zilizovunjika.

Mzigo ulioharibika na mwili ulioumia ni hesabu mbili. Usikubali moja itolewe kwenye nyingine.

Leseni yangu ilikuwa imekwisha, na helmeti sikuvaa.

Bima ya gari itaishikilia leseni kwa meno. Dai la kazini halifi lenyewe kwa hilo, hasa kama tajiri alijua na akakutuma. Helmeti: kama hukupewa, sema hukupewa.

Mwajiri hataki kusikia. Niende wapi?

Kamisheni ya Kazi, ambayo ina ofisi Unguja na Pemba. Wa Pemba huna haja ya kupanda boti. Nenda na kitambulisho cha Mzanzibari, PF3, ripoti za daktari, picha, delivari, ushahidi wa malipo, nakala ya taarifa uliyotuma, na majina na simu za mashahidi. Chukua nakala mbili za kila kitu na usiache asili yoyote bila kuandikiwa kuwa imepokelewa. Andika jina la ofisa na tarehe ya kurudi.

Ukifukuzwa kwa sababu umedai, huo ni mgogoro mwingine. Unapelekwa Kitengo cha Kushughulikia Migogoro, kwa usuluhishi kwanza, na mambo yakishindikana huweza kufika Mahkama ya Kazi. Usichelewe, muda wa kufungua migogoro ya kufukuzwa ni mfupi. Msaada wa kisheria unapatikana Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo Unguja na Chake Chake. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi aende na kiongozi wake. Shirikisho la vyama hapa ni ZATUC.

Dereva amefariki. Familia ifanye nini?

Kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana karatasi hukosekana. Kabla ya kuondoka hospitali, ndugu mmoja ahakikishe daktari ameandika sababu ya kifo na kwamba imetokana na ajali, na polisi wana taarifa. Kama dereva alikufa wiki kadhaa baada ya ajali, uhusiano huo lazima uandikwe, la sivyo mwajiri atasema alikufa kwa maradhi yake. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Fidia ya kifo kazini inawatazama wategemezi, yaani waliokuwa wakiishi kwa mapato yake. Si lazima wawe ndio warithi wale wale wa mirathi, kwa hiyo muulize ofisa kabla ya kuichanganya na mali nyingine iliyopelekwa kugawiwa. Tayarisheni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya sheha inayotaja wategemezi wote, wakiwemo wazazi na watoto wa mke mwingine. Jina lililosahauliwa huleta pingamizi, na pingamizi huzuia malipo ya wote.

Mjane yuko eda miezi minne na siku kumi. Dai lisingoje eda iishe: aandike barua ya uwakilishi kwa kaka au shemeji anayemwamini, aisaini mbele ya sheha, na mtu huyo aanze kwenda ofisini wiki ile ile. Malipo yenyewe yaelekezwe kwenye akaunti ya mjane au ya watoto, si ya mwakilishi.